Sura ya 4: Benchi la Wagonjwa wa Nje

Jumapili asubuhi, tarehe 14 Julai 2019, basi lililotoka Butembo lilishusha abiria wake mjini Goma. Mmoja wao alikuwa mchungaji aliyeanza kuumwa siku kadhaa nyuma. Njiani basi lilikuwa limesimamishwa kwenye vizuizi vitatu vya afya, na kila kizuizi kina utaratibu ule ule: shuka, nawa mikono kwa maji ya klorini, simama upimwe joto kwenye paji la uso, taja jina liandikwe. Mchungaji alishuka, akanawa, akapimwa, akataja jina. Kila kizuizi alitaja jina tofauti. Hakuna aliyemtilia shaka, basi likaendelea na safari.

Goma ni mji wa watu zaidi ya milioni moja. Uwanja wa ndege uko katikati ya makazi, na mpaka wa Rwanda ni mwendo wa miguu tu. Maelfu huvuka kila siku kwenda Gisenyi kuuza, kununua, kusalimia ndugu, na jioni kurudi. Ebola ilikuwa imekaa Kivu Kaskazini karibu mwaka mzima, ikizunguka Beni, Katwa na Butembo, na kila aliyeifuatilia alikuwa akiomba isifike hapa.

Ilipofika, ilipiga hodi kwenye kituo cha afya cha mtaani kiitwacho Afia Himbi. (Watu wa Kivu husema afia pale wengine tunaposema afya.) Wahudumu wa pale walimshuku mgonjwa huyo mapema, na siku hiyo hiyo akahamishiwa kwenye kituo cha matibabu ya Ebola, maabara ikathibitisha. Abiria aliosafiri nao na dereva wakatafutwa, waliomgusa wakachanjwa. Yeye alifariki njiani akirudishwa Butembo. Mjini Goma hakuna aliyeambukizwa naye.

Siku tatu baada ya basi lile kufika, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba mlipuko huo ni dharura ya afya ya kimataifa, na dunia ikageuza macho kuitazama Geneva. Mimi bado natazama kile chumba cha Himbi. Vizuizi vitatu vyenye vipimajoto na daftari vilipitwa na mtu mmoja mwenye majina matatu. Aliyemnasa alikuwa mhudumu wa kituo cha kawaida, mahali ambapo siku nyingine yoyote angekuwa anashughulika na kikohozi, kuhara na jipu la mtoto. Haikuwa bahati. Kabla ya siku hiyo wahudumu wa afya wapatao 3,000 wa Goma walikuwa wamekwisha kuchanjwa dhidi ya Ebola, na vituo vya mji vilikuwa vimeelekezwa namna ya kumpokea mgonjwa wa kushukiwa. Mtu anayejua kwamba amekingwa hamkimbii mgonjwa, na aliyeelekezwa hakai akijiuliza ampigie nani simu.

*

Ugumu wa kazi hiyo uko kwenye neno moja: homa. Siku za mwanzo Ebola haina alama ya kuitambulisha. Mgonjwa anaumwa kichwa, viungo vinauma, anakosa nguvu, baadaye anatapika na kuharisha. Damu inayovuja, ambayo ndiyo iliyotangazwa na sinema, huja kwa kuchelewa na kwa wagonjwa wengi haiji kabisa. Marburg, ndugu yake wa karibu, ana tabia hizo hizo. Sasa mweke mtu huyo kwenye benchi la wagonjwa wa nje huko Beni au Bukoba, kati ya watu kumi wenye malaria, wawili wenye taifodi na mmoja mwenye nimonia, halafu mwambie muuguzi achague.

Kipimo cha haraka cha malaria, kile cha tone la damu na mistari miwili, kimesaidia sana, lakini kina mtego wake. Katika nchi ya malaria mtu anaweza kuwa na vijidudu vya malaria damuni huku kinachomuua ni kingine. Muuguzi akiona mistari miwili anafurahi, anaandika dawa, anaita wa pili.

Mwishoni mwa mwaka 2018, mjini Beni, wakuu wa mapambano waligundua kwamba hadi nusu ya watu waliochunguzwa kwenye vituo vya Ebola walikuwa na malaria tu. Vitanda vilikuwa vinajaa wasiohusika, na wasiohusika walikuwa wanalazwa jirani na wenye Ebola ya kweli. Uamuzi uliofuata ni mmojawapo wa uamuzi wa busara zaidi katika historia ya mlipuko ule, ingawa hautajwi sana: mwezi Novemba walipita nyumba kwa nyumba wakigawa dawa za malaria, kampeni iliyolenga watu hadi 450,000. Ukitaka kuiona Ebola, punguza kwanza homa zinazoificha. Kazi yenyewe ilikuwa ya zamani kabisa, kazi ya mhudumu wa kijiji: dawa mkononi, mlango hadi mlango.

*

Lakini kabla sijaendelea kulisifu benchi hili, lazima niseme lilivyowahi kuua.

Yambuku, kaskazini mwa Kongo iliyokuwa ikiitwa Zaire, ilikuwa na hospitali ya misheni, ya watawa, iliyoheshimiwa sana. Watu walitembea masafa marefu kuifuata, kwa sababu ilikuwa na dawa wakati vituo vingine havikuwa nazo. Mwaka 1976 kliniki yake ya wagonjwa wa nje ilikuwa ikipewa sindano tano kila asubuhi. Tano, kwa mamia ya wagonjwa. Kati ya mgonjwa mmoja na mwingine sindano ilisuuzwa kwa maji ya uvuguvugu kisha ikaingia mkono mwingine. Virusi vilivyokuwa havijapewa jina viliingia kwenye mstari huo mwishoni mwa Agosti. Akina mama wajawazito waliokuja kliniki walichomwa sindano za vitamini, wakarudi vijijini, wakaugua. Kati ya watumishi 17 wa hospitali, 11 walikufa. Hospitali ilifungwa tarehe 30 Septemba, na kufungwa kwake kulichangia pakubwa kuuzima moto. Wagonjwa waliorodheshwa 318, waliokufa 280. Ugonjwa ulipewa jina la mto wa eneo lile, Ebola, ili kisibebe lawama kijiji.

Wale watawa hawakuwa na nia mbaya wala uzembe wa makusudi. Walikuwa na moyo, walikuwa na imani ya watu, na walikuwa na sindano tano. Ninapowasikia wanasiasa wakisema huduma ya msingi ni suala la kusogeza majengo karibu na wananchi, huwakumbuka wao. Yambuku palikuwa karibu na wananchi. Paliwafikia vizuri sana.

Miaka 42 baadaye, Beni, mambo yalijirudia kwa sura nyingine. Mji ule una vituo vidogo vingi vya watu binafsi, vingine vikichanganya mitishamba na dawa za dukani. Wenyeji huviita tradimodeni. Ni vya bei nafuu, viko uani kwa jirani, havina foleni, na mtoa huduma anakujua kwa jina. Mama mwenye mtoto mwenye homa huanzia pale. Mwaka 2018 wachunguzi waliona idadi ya watoto wenye Ebola inapanda kuliko ilivyotarajiwa, na walipofuatilia nyuma waliishia kwenye vyumba hivyo: watoto waliopelekwa kwa malaria, wakachangia kitanda, wakachomwa sindano, wakarudi na ugonjwa ambao hawakwenda nao. Hapo kuna swali ambalo wataalamu hawapendi kulijibu kwa sauti. Ukivifunga vituo vile, wagonjwa watakwenda wapi usiku? Ukiviacha bila glovu na bila mafunzo, umeacha mlango wazi. Kilichofanyika mwishowe, kwa kuchelewa, ni kuwaingiza watoa huduma wale kwenye mafunzo na kuwapa vifaa, jambo ambalo lingegharimu kidogo zaidi kama lingefanywa kabla.

*

Mlipuko ule wa Kivu Kaskazini na Ituri ulitangazwa rasmi tarehe 1 Agosti 2018, baada ya vifo vya Mangina, mji mdogo karibu na Beni. Ulipotangazwa ulikuwa umekwisha kutembea kwa majuma mengi. Taarifa ya kwanza ya Shirika la Afya Duniani ilieleza sababu za kuchelewa, na mbili kati yake ninazikariri kila ninapozungumzia jambo hili. Moja ni vita: makundi yenye silaha yalikuwa yamefanya maeneo mengi yasifikike. Nyingine ni mgomo. Wahudumu wa afya wa eneo lile walikuwa wamegoma tangu Mei kwa sababu hawakulipwa mishahara.

Vifo vya ajabu navyo vilianza kuonekana tangu Mei.

Sidhani kuna haja ya kuongeza neno juu ya tarehe hizo mbili. Ila nitaongeza kuhusu kilichofuata. Fedha ambazo hazikupatikana kumlipa muuguzi wa Mangina mwezi Mei zilianza kuonekana Agosti, mara nyingi zaidi ya zilizokuwa zikidaiwa. Magari yakaja, mahema yakasimikwa, posho zikagawiwa, nyumba zikapandishwa kodi. Watu wa Beni na Butembo walikuwa wameishi na mauaji ya raia kwa miaka bila kuona msafara wa namna ile, na wakaanza kuuliza kwa nini ugonjwa huu mmoja una pesa kiasi hiki. Desemba 2018 uchaguzi mkuu uliahirishwa Beni na Butembo, na Ebola ikatajwa kuwa sababu. Baada ya hapo, mtu akikuambia ugonjwa ni hila ya wakubwa, utamjibu nini? Utafiti uliofanyika katika miji hiyo Septemba 2018, kwa kuwahoji watu wazima 961, ulionyesha kwamba mmoja kati ya wanne aliamini Ebola haipo, na waliosema wanaamini kwamba viongozi wa mahali pao wanawatendea kwa maslahi yao hawakufika hata theluthi moja. Vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto. Aprili 2019 daktari kutoka Kamerun, Richard Mouzoko, aliuawa kwa risasi akiwa kazini katika hospitali ya chuo kikuu huko Butembo.

Imani haiagizwi kwa ndege pamoja na mahema. Muuguzi aliyemzalisha dada yako miaka mitatu iliyopita, akamchanja mtoto wake, akamwekea shangazi dawa ya kidonda, huyo akikuambia mwili wa marehemu usioshwe unaweza kumsikiliza hata kama unalia. Kijana aliyeshuka jana kwenye gari jeupe, amevaa nguo zinazomficha uso, anaweza kusema maneno hayo hayo kwa Kiswahili kizuri zaidi na bado akapigwa mawe.

Mlipuko ulitangazwa kumalizika tarehe 25 Juni 2020. Wagonjwa 3,470, vifo 2,287. Ni wa pili kwa ukubwa katika historia ya Ebola, na ulitokea wakati chanjo ipo: zaidi ya watu 300,000 walichanjwa. Jean-Jacques Muyembe, daktari Mkongo aliyekuwa Yambuku mwaka 1976 akichukua damu za wagonjwa bila glovu, ndiye aliyekabidhiwa uongozi wa mapambano kuanzia Julai 2019.

*

Wakati dunia inahesabu vifo vya Ebola kimoja kimoja, ugonjwa mwingine ulikuwa ukiua nchi nzima bila kamera. Serikali ya Kongo ilitangaza mlipuko wa surua Juni 2019. Kufikia mwanzoni mwa Januari 2020 walioshukiwa kuugua walikuwa zaidi ya 310,000 na waliokufa zaidi ya 6,000, wengi wao watoto wadogo. Karibu mara tatu ya vifo vyote vya Ebola ya Kivu.

Surua haina fumbo. Chanjo yake ni ya miongo mingi, bei yake haifiki dola mbili, na hutunzwa kwenye jokofu la kawaida la kliniki, kati ya nyuzijoto 2 na 8. Chanjo ya Ebola ilihitaji baridi ya nyuzi 60 hadi 80 chini ya sifuri, na wataalamu waliweza kuifikisha hadi vijijini, kwenye barabara zilizojaa tope, chini ya ulinzi. Sisemi haya kuwabeza. Lilikuwa jambo la kishujaa. Ila hesabu inasumbua: nchi iliyoweza kubeba chanjo ya nyuzi 80 chini ya sifuri hadi Mangina ilishindwa kuweka chanjo ya jokofu la kawaida kwenye kituo cha afya kila Jumanne ya kliniki. Sababu ni kwamba ya kwanza ilikuwa dharura na ya pili ilikuwa kazi ya kila juma, na kazi ya kila juma haina mfadhili anayeipigia picha.

Cha kusikitisha zaidi, Kongo hii hii iliwahi kuifundisha dunia. Kasongo, ule mji wa zamani wa Maniema ambao wasomaji wa historia ya pwani wanaujua kwa habari za Tippu Tip, ulikuwa miaka ya 1970 na 1980 mahali pa mradi mashuhuri wa afya ya msingi ulioendeshwa pamoja na Taasisi ya Tiba za Nchi za Joto ya Antwerp. Waliweka vituo vidogo vyenye wauguzi waliosimamiwa vizuri, hospitali moja ya rufaa, na takwimu za kila kaya, na chanjo ya surua ikiwa sehemu ya kazi ya kila siku. Kongo nzima iligawanywa baadaye katika kanda za afya kwa mantiki hiyo hiyo, na kwenye karatasi mpangilio ule bado ni mzuri. Kanda zipo. Wauguzi wapo. Mishahara ndiyo inayopotea njiani.

*

Tarehe 11 Juni 2019, mwezi mmoja kabla ya basi la Goma, Uganda ilithibitisha mgonjwa wake wa kwanza wa mlipuko ule wa Ebola: mtoto wa miaka 5 aliyevuka na familia yake kutoka Kongo kuingia Kasese, baada ya kwenda kumzika babu. Wazazi walimpeleka hospitali ya Kagando, wahudumu wakamshuku, akahamishiwa Bwera. Mtoto alikufa, na mdogo wake na bibi yake. Nje ya familia hiyo, hakuna aliyeambukizwa nao nchini Uganda. Kabla ya hapo Uganda ilikuwa imewachanja wahudumu karibu 4,700 katika vituo 165 vya wilaya za mpakani, ikisubiri ugonjwa ambao huenda usingekuja. Mhasibu yeyote angeweza kuuliza hizo chanjo 4,700 zilimponya nani. Swali lake lingekuwa halali, na jibu lisingeweza kuonyeshwa kwenye vitabu vyake, maana ambao hawakuugua hawana risiti.

*

Huku Tanzania kituo kidogo cha namna hiyo huitwa zahanati, na neno hilo lina historia. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 serikali iliamua, kinyume na nchi nyingi zilizokuwa zinajenga hospitali kubwa mijini, kupeleka fedha za afya vijijini: zahanati kwa vijiji, kituo cha afya kwa tarafa, hospitali kwa wilaya. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, wakijadili vyoo, maji na mbu, kisha wakichimba hivyo vyoo. Kwa hiyo nchi zilipokutana Alma-Ata mwezi Septemba 1978 na kutangaza afya ya msingi kuwa njia ya dunia nzima, wajumbe kutoka Tanzania walikuwa wanasikia habari za kwao. Miaka ya dhiki ikaja, dawa zikaadimika, na mwaka 1993 uchangiaji wa gharama ukaanza. Mwenye umri wa kutosha anakumbuka zahanati yenye benchi, mzani wa kupimia watoto, na kabati tupu.

Lakini benchi lilibaki, na rejista ilibaki. Ukiingia zahanati yoyote leo utakuta juu ya meza vitabu vya MTUHA, vikubwa kama vitabu vya benki, ambamo kila mgonjwa wa nje anaandikwa kwa mstari: jina, umri, kijiji, tatizo, dawa. Wauguzi huvilalamikia, na wana haki, maana vinakula muda wa wagonjwa. Hata hivyo ndani ya mistari hiyo ndimo mlipuko huonekana mara ya kwanza, kwa mtu anayejua kusoma. Homa, homa, homa, halafu watatu wa kitongoji kimoja katika juma moja, wawili wa nyumba moja, na kipimo cha malaria hakionyeshi kitu. Hapo mganga mfawidhi wa zahanati anatakiwa ampigie mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa wa halmashauri, siku hiyo hiyo. Mfumo mzima wa taifa wa kugundua milipuko, pamoja na maabara zake na vituo vyake vya dharura, unaning'inia kwenye simu hiyo moja, ambayo mara nyingi hupigwa kwa salio la mtumishi mwenyewe.

Mkoa wa Kagera unayajua haya kuliko mikoa mingi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa huko mwaka 1983. Machi 2023 taarifa zilianza kutoka kata za Maruku na Kanyangereko, Bukoba Vijijini: watu 7 wameugua ugonjwa usiojulikana, 5 wamekufa. Wizara ilitoa tamko tarehe 16 Machi. Tarehe 21 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza jibu la maabara: Marburg, kwa mara ya kwanza katika nchi hii. Mgonjwa wa kwanza alikuwa ametoka kisiwa cha Goziba, ndani ya Ziwa Viktoria, akarudi kijijini akiwa mgonjwa, na waliomuuguza wakaugua.

Watu 212 waliowahi kuwagusa wagonjwa waliorodheshwa na kufuatiliwa siku 21 kila mmoja, asubuhi na jioni, joto likipimwa na kuandikwa. Kazi hiyo ya kwenda nyumbani kwa mtu siku 21 mfululizo na bado ukafunguliwa mlango haifanywi na mgeni. Inafanywa na mhudumu wa kijiji ambaye familia inajua anakokaa. Tarehe 2 Juni 2023, baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya, mlipuko ulitangazwa kwisha: wagonjwa 9, vifo 6. Kwa ugonjwa ambao hauna chanjo wala dawa iliyoidhinishwa, hilo ni tukio la kustaajabisha, na nadhani Watanzania hatukujipongeza vya kutosha. Wahudumu wawili wa afya waliambukizwa, mmoja akafa. Huyo naye alikutana na Marburg kama walivyokutana nayo wale wa Yambuku, kwa kumhudumia mtu mwenye homa.

Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwaandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 katika miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji, mwanamke na mwanamume. Nimesoma malengo mengi ya namna hiyo maishani, na siku hizi sitazami tena idadi. Ninatafuta mstari wa posho: nani analipa, kwa mwezi gani, na nini kinatokea mfadhili akiondoka. Mangina ilinifundisha kusoma bajeti kuanzia hapo.

Maana mwaka 2025 ulianza na Marburg tena, Kagera tena, safari hii Biharamulo, wilaya ambayo malori ya kwenda na kutoka Rwanda hupita karibu. Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza tarehe 20 Januari, akiwa pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus. Uchunguzi uliporudi nyuma ulimkuta mgonjwa wa kwanza anayejulikana akiwa ameanza kuugua tarehe 9 Desemba. Ulipofungwa tarehe 13 Machi, hesabu ilikuwa wagonjwa 10, na wote 10 walikuwa wamekufa. Wawili tu walithibitishwa na maabara. Wanane wengine walikuwa wamekwisha kuzikwa ugonjwa ulipopata jina, na waliingizwa kwenye orodha kwa maelezo ya ndugu na kwa kilichoandikwa juu yao walipokuwa hai.

Kati ya tarehe 9 Desemba na tarehe 20 Januari kuna majuma 6. Ni majuma ya Krismasi na mwaka mpya, watu wanasafiri kwenda kwao, malaria ya mvua imeshika, na benchi la wagonjwa wa nje limejaa.